Naomba ushauri: kujifunza walsi ya Vienna bila kupitwa na mapigo na bila kizunguzungu

Mpenda_Walsi aliuliza:

Salamu kwenu nyote.

Nimekuwa nikijifunza dansi za ukumbini kwa muda, na walsi ya polepole naicheza kwa kujiamini: namna ya kumshika mwenzangu naijua, mizunguko ya kulia na ya kushoto naifahamu, na muziki haunipotei. Ugumu umeanza nilipoingia katika walsi ya Vienna, ile ya kasi, ambayo kwa macho inaonekana kuwa ni mzunguko mmoja tu unaorudiwa kuuzunguka ukumbi. Muziki ukianza, vipimo vichache vya mwanzo vinakwenda sawa. Kisha mguu unaopaswa kufunga katika pigo la tatu unachelewa, hatua inayofuata inaanguka baada ya pigo, na kabla hatujafika kona ya kwanza muziki umekwisha kutuacha. Nikijaribu kufidia kwa kuongeza nguvu, mwenzangu anasema namburuta, nami naona kuwa anasema kweli.

Jambo la pili ni kizunguzungu. Tukicheza mfululizo bila kupumzika, ukumbi unaendelea kuzunguka hata baada ya sisi kusimama, na hali hiyo inanifanya niogope kuendelea hata pale ambapo miguu ingali na nguvu.

Kwa hiyo naomba wenye uzoefu wanisaidie katika mambo haya. Je, nifanye mazoezi kwa muziki wa polepole kwanza, au nizoee kasi yake halisi tangu mwanzo? Macho yangu niyaelekeze wapi wakati wa kuzunguka? Na je, mtu anaweza kucheza walsi hii kwa heshima kwa mzunguko wa kulia peke yake, au ule wa kushoto ni wa lazima? Natanguliza shukrani.

---

Mwalimu_wa_Ukumbini alijibu:

Ndugu Mpenda_Walsi, karibu sana. Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya shida yako. Katika mashindano ya kimataifa walsi ya polepole huchezwa kwa vipimo 28 hadi 30 kwa dakika, na walsi ya Vienna kwa vipimo 58 hadi 60. Kila kipimo kina mapigo matatu na kila pigo lina hatua yake. Basi unatoka katika hatua zipatazo 90 kwa dakika na kuingia katika hatua zinazokaribia 180, yaani hatua tatu katika kila sekunde. Mzunguko kamili huchukua vipimo viwili, na maana yake ni kwamba katika kila sekunde mbili wewe na mwenzako mmegeuka nyuzi 360 na kurudi mlikokuwa mkitazama. Hakuna mguu unaoweza kuifanya kazi yote iliyozoeleka katika walsi ya polepole kwa nusu ya muda. Kazi yenyewe ndiyo inayopaswa kupunguzwa, na hapo ndipo wengi wanaotoka katika walsi ya polepole wanapokwama, kwa kuwa wanaingia na hatua ndefu, na kule kuinuka juu ya vidole ambako huko ni pambo lakini huku ni mzigo.

Sasa tuutazame mzunguko wa kulia. Katika kipimo cha kwanza anayeongoza hupiga mguu wa kulia mbele, wa kushoto ubavuni, kisha wa kulia hufunga kando ya wa kushoto. Katika kipimo cha pili hupiga mguu wa kushoto nyuma, wa kulia ubavuni, kisha wa kushoto hufunga. Anayefuata hufanya mambo hayohayo kwa kupishana: mmoja anapokwenda mbele, mwingine yuko katika nusu ya nyuma. Watu wengi huutumia muda wao wote kuipamba nusu ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa na mwendo, ilhali kasi ya walsi hii inaamuliwa na yule anayekwenda nyuma. Yeye ndiye bawaba na mwenzake ndiye mlango. Hatua yake ya nyuma ikiwa ndefu, anayekuja mbele analazimika kumfuata mbali kabla ya kumzunguka, na pigo la tatu linafika miguu ingali imeachana. Hatua hiyo ikiwa fupi, na mwili wake ukiwa umekwisha kuanza kugeuka, anayekuja mbele anapata njia, anapita nje yake, na miguu yote minne inafunga kwa wakati.

Kwa hiyo sioni kwamba mguu wako wa tatu ndio wenye kosa, ingawa ndiko kosa linakojitokeza. Chunguza hatua yako ya nyuma, ile ya mguu wa kushoto katika kipimo cha pili. Nakisia kuwa unaipiga kwa urefu uleule unaoipigia hatua ya mbele. Ifupishe mpaka ikaribie kuonekana kama umebadilisha uzito tu, na usiinuke juu ya vidole katika nusu hiyo ya nyuma. Miguu ifunge chini, visigino vikiwa karibu na sakafu. Katika nusu ya mbele kuinuka kunaruhusiwa, lakini ni kwa kiasi kidogo sana, na kunatoka zaidi katika mwili kuliko katika nyayo.

Kuhusu kasi ya mazoezi, ushauri wangu ni kuanza bila muziki wowote. Simama peke yako mahali penye nafasi ndefu, fanya nusu ya nyuma, simama, angalia kama umegeuka nusu duara kamili na kama uzito wote uko juu ya mguu uliofunga, ndipo ufanye nusu ya mbele. Usiutumie muziki wa walsi ya polepole kwa zoezi hili. Muziki ule utakushawishi kuinuka na kurefusha hatua, na mazoea hayo ndiyo tunayotaka uyaache mlangoni.

---

Dada_Mfuasi alijibu:

Nakubaliana na mwalimu kwa karibu kila alichosema, isipokuwa hilo la mwisho naliona kwa namna nyingine kidogo. Kufanya mazoezi bila muziki kunajenga miguu, lakini hakumfundishi mtu kulisikia pigo la kwanza, na katika walsi hii pigo la kwanza ndilo linalobeba kila kitu. Kati ya vipimo 30 na 60 kuna nafasi kubwa. Katika mtindo wa Marekani walsi hii yenyewe huchezwa kwa kasi ya chini kidogo, ya vipimo vipatavyo 54 kwa dakika, na siku hizi programu nyingi za simu zinaweza kupunguza kasi ya muziki bila kubadilisha sauti yake. Chukua walsi halisi ya Vienna, ipunguze hadi vipimo 45, uicheze hadi itulie, kisha uipandishe kidogo kidogo. Muziki huo utabaki na tabia yake, na hautakuvuta kwenye walsi ya polepole.

Lakini lililonifanya niandike ni lile neno la kuburutwa, kwa kuwa mimi ndiye ninayefuata na ninajua linavyohisiwa kutoka upande huu. Anayeongoza akichelewa, mara nyingi hujaribu kunisukuma kwa mkono wa kushoto au kunivuta kwa ule wa kulia, na mkono wowote ukifanya kazi hiyo mwili wangu wa juu unahama kabla ya miguu, kisha tunakuwa watu wawili wanaozunguka kila mmoja kwa mhimili wake. Mkono wako wa kulia ukae mgongoni kwangu, chini kidogo ya bega langu la kushoto, utulie hapo, mkono wa kushoto ushike bila kukaza, viwiko visishuke. Anayenizungusha ni mwili wako wa kati unaogeuka pamoja na hatua, na mikono inalinda umbo tu.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoongoza hawaambiwi vya kutosha. Hatusimami uso kwa uso moja kwa moja. Kila mmoja amesogea kidogo kuelekea kushoto kwake, na ndiyo maana mguu wako wa kulia unapata njia ya kuingia katikati ya miguu yangu katika nusu yako ya mbele, kama vile wangu wa kulia unavyoingia katikati ya yako katika nusu yangu ya mbele. Ukisogea ukasimama mbele yangu hasa, magoti yatagongana, nawe utapanua hatua ili kuyakwepa, na hapo umekwisha kuupoteza muda. Ninavyoona mimi, watu wengi wanaolaumu kasi ya muziki wangepaswa kwanza kuchunguza mahali waliposimama kabla muziki haujaanza.

Na tafadhali, Ndugu, unapokuwa katika nusu ya nyuma usinikimbie. Nipe nafasi ya kupita, kisha mimi nitakupa ya kwako katika kipimo kinachofuata. Kupeana huko ndiko kunakoifanya walsi hii ionekane kama inakwenda yenyewe.

---

Tabibu_Mchezaji alijibu:

Wenzangu wamelieleza suala la miguu vizuri, basi mimi nibaki kwenye kizunguzungu.

Ndani ya sikio la ndani kuna mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, iliyojaa majimaji. Kichwa kinapoanza kugeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo na kukipinda kiungo laini kilicho ndani ya mfereji, nacho huupelekea ubongo habari kwamba tunazunguka. Mzunguko ukiendelea kwa kasi ileile, majimaji hushika mwendo wa mfereji na habari ile hupungua. Ukisimama ghafla, mfereji husimama lakini majimaji huendelea kwenda, na ubongo hupokea habari ya mzunguko ambao haupo, huku macho yakitembea yenyewe upande mmoja na kurudi. Huko ndiko kuzunguka kwa ukumbi unakokuona baada ya kusimama. Hali hiyo ni ya kawaida kwa mtu mwenye afya, na hupita yenyewe baada ya muda mfupi.

Jambo zuri ni kwamba ubongo hujifunza kuipuuza habari hiyo. Wachezaji na watelezaji wa barafuni hupata uvumilivu huo kwa mazoezi ya mara kwa mara, na kwa jambo hili mazoezi mafupi ya kila siku yanafaa kuliko mazoezi marefu ya mara moja kwa wiki. Cheza mizunguko michache, simama kabla hujasikia kichefuchefu, subiri macho yatulie, kisha urudie. Kujilazimisha kupita kichefuchefu hakuharakishi lolote. Kunaujengea mwili chuki na zoezi zima.

Kuhusu macho, wachezaji wa baleti hukaza macho mahali pamoja na kukigeuza kichwa kwa ghafla mwishoni mwa kila mzunguko, lakini njia hiyo haifai mnapokuwa mmeshikana, kwa kuwa kila mtikiso wa kichwa hufika kwa mwenzako na kuvunja mkao wenu. Tazama juu ya bega la kulia la mwenzako, kwa mbali, kwa usawa wa macho, na uache ukumbi upite bila kuukazia macho. La muhimu kuliko yote ni kutokuinamisha kichwa. Mtu anapozunguka kisha akainama kutazama miguu yake, mifereji ambayo haikuwa katika mzunguko huo huingizwa ghafla, na ubongo hupokea habari zinazopingana. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuleta kichefuchefu. Kwa kuwa umesema unahangaika na mguu wa tatu, naamini umekuwa ukiutazama, na huenda nusu ya kizunguzungu chako inatoka hapo.

Nikumbushe pia kwamba kizunguzungu kinachokuja ukiwa umelala, au ukigeuka kitandani, au pamoja na kupungua kwa usikivu, si suala la dansi na kinastahili kuonwa na daktari.

---

Mpenda_Walsi aliandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimejaribu kuifupisha hatua ya nyuma kama mwalimu alivyoelekeza, na mwenzangu amelihisi badiliko hilo kabla sijamweleza nilichokibadilisha. Kuhusu kutazama miguu, Tabibu amesema kweli. Sasa nainua macho na hali ni afadhali.

Naomba mwalimu aniongoze katika mzunguko wa kushoto, na pia anieleze jinsi ya kupita kona, maana tukifika konani tunajikuta tumeelekea ukutani. Aidha, tunatarajia kuhudhuria dansi rasmi yenye okestra, na sijui tuanze kucheza wakati gani muziki unapoanza.

---

Mwalimu_wa_Ukumbini alijibu:

Kona kwanza, kwa sababu jibu lake linaeleza pia kwa nini mzunguko wa kushoto una thamani. Ukumbini wachezaji wote husafiri kinyume cha mwendo wa saa, na kwa hiyo kila kona huipinda njia yako kuelekea kushoto. Mzunguko wa kulia unageuka kinyume cha pindo hilo. Basi konani unapaswa kugeuka pungufu ya nyuzi 360, na ukikamilisha duara kama ulivyozoea katika upande mrefu, utajikuta unautazama ukuta, kama unavyosema. Gawanya upungufu huo katika vipimo kadhaa, anza mapema kabla ya kona, wala usingoje kulipa deni lote mara moja. Mzunguko wa kushoto una hali iliyo kinyume: unageuka kuelekea lilikopinda njia, na konani unatakiwa kuzidisha kidogo.

Miguu yake ni hivi. Anayeongoza hupiga mguu wa kushoto mbele, wa kulia ubavuni na nyuma kidogo, kisha wa kushoto hupita mbele ya wa kulia na kukingama. Katika kipimo cha pili hupiga wa kulia nyuma, wa kushoto ubavuni, na wa kulia hufunga kando yake. Anayekwenda mbele ndiye anayekingamisha miguu, na anayekwenda nyuma ndiye anayefunga. Kwa hiyo Dada_Mfuasi naye atakingamisha katika nusu yake ya mbele. Ugumu wake ni kwamba mguu wako wa kushoto hauingii katikati ya miguu ya mwenzako, bali unachukua mahali palipoachwa na mguu wake wa kulia, na ukimpiga bega kwa kutaka kugeuka mapema utamzuia kuondoka. Nenda mbele kwanza, geuka baadaye.

Umeuliza kama ni wa lazima. Katika dansi ya kawaida ya jamaa na marafiki, mtu anayecheza mzunguko wa kulia vizuri hatatazamwa kwa dharau na yeyote, na mimi humheshimu kuliko anayejua yote miwili kwa kubahatisha. Lakini huko Vienna kwenyewe, katika dansi kuu inayofanyika kila mwaka katika jumba la opera Alhamisi iliyo kabla ya Jumatano ya Majivu, vijana wanaoifungua shughuli hutakiwa kuicheza walsi kwa kugeuka kushoto, na ndipo hutolewa tangazo la kuwaruhusu wageni wote waingie uwanjani. Jiji hilo limeupa mzunguko wa kushoto hadhi ya kuwa kipimo cha aliyefunzwa, nami naona ni haki yake. Ujifunze baada ya ule wa kulia kutulia, na ili kutoka mmoja kwenda mwingine tumia hatua za kubadilishia, ambazo ni kipimo kimoja cha kwenda mbele bila kuzunguka, mguu wa tatu ukifunga kama kawaida. Hatua hizo zina faida nyingine ambayo Tabibu ataipenda: humpa mchezaji nafuu ya kizunguzungu bila kumtoa kwenye muziki.

Katika mtindo wa kimataifa, ukiondoa mizunguko hiyo miwili na hatua za kubadilishia, yanayobaki ni machache sana, nayo huchezwa papo hapo katikati ya ukumbi na wenye uzoefu. Usiyawaze kwa sasa.

Kuhusu okestra, fahamu kwamba walsi nyingi za Johann Strauss mwana hazianzi kwa mwendo wa kucheza. Ile mashuhuri ya mto Danube, iliyosikika kwa mara ya kwanza mwaka 1867, ina utangulizi wa polepole, kisha walsi tano zinazofuatana, kisha tamati. Wakati wa utangulizi simameni mkiwa tayari, mshikane bila haraka, na mngoje mpaka mapigo matatu yasikike wazi na kwa mwendo ulio sawa. Hata baada ya hapo okestra hupunguza kasi katika mipito kati ya walsi moja na nyingine, na wanamuziki wa Vienna wana desturi ya kuliwahisha kidogo pigo la pili. Miguu yako ifuate pigo la kwanza la kila kipimo. Hayo mengine mawili yatajipanga.

---

Dada_Mfuasi alijibu:

Niongeze moja tu kuhusu siku ya dansi yenyewe, kwa kuwa uwanja utakuwa na watu wengi. Wanaosafiri kwa kasi hukaa nje, karibu na ukingo, na wasio na uhakika husogea ndani kuelekea katikati. Mkipitwa na mapigo, msisimame ghafla katika njia ya wengine, maana jozi iliyo nyuma yenu iko nusu ya muda imegeuza mgongo na haiwaoni. Sogeeni ndani mkiwa mngali mmeshikana, hamisheni uzito kulia na kushoto mahali pamoja, lisikilizeni pigo la kwanza hadi mlipate, na anayeongoza aingie upya kwa mguu wa kulia.